Le Rouge ya Detroit: ekipe yenye watu wake walitoa franga ili isimame

Kule Marekani, katika muji wenye viwanda vilifungwa na wakaaji walihama, ekipe moja ya divizio ya pili inajaza stadi yake. Ilianzishwa na marafiki watano. Stadi yake ilitengenezwa kwa franga za watu 527. Tumefuata historia yake juu inagusa ulizo lenye sisi wenyewe tunajiuliza katika makambi yetu ya wachimbaji: ekipe ya wafanyakazi ni ya nani?

Siku moja ya Yenga, kisha misa, vijana wa kambi yetu walituita tuangalie mupira kwenye telefone. Sisi wazee wa sendika tulifikiri ni Mazembe ao ni Real Madrid. Haikukuwa ile wala ile. Tuliona stadi ndogo ya beto, nyumba za watu wa kawaida zikiizunguka pande zote. Upande mumoja wa tribini watu walikuwa wanapiga ngoma, wanaimba, wanawasha moshi wa rangi mpaka mutu hakuweza kuona goli. Ndani ya kiwanja hakukuwa nyota hata mumoja mwenye tunajua jina lake. Lakini watu walikuwa wamejaa, na waliimba dakika zote 90.

Mumoja wetu aliuliza: "Hii ni ekipe gani yenye watu banaipenda hivi, na hatujaisikia hata siku moja?"

Kijana akajibu: "Ni Detroit City, baba. Iko ku divizio ya pili ya Marekani. Banaiita Le Rouge."

Tulicheka. Le Rouge! Kifaransa kule Marekani? Lakini ni kweli, na kuko maana. Muji wa Detroit ulianzishwa na Mufaransa, Antoine de la Mothe Cadillac, mwaka 1701, na jina lake ni neno la Kifaransa lenye sisi wote tulisoma katika jeografia: détroit, fasi yenye maji inapita kati ya inchi mbili karibu karibu. Pembeni ya muji kunapita muto wenye unaitwa Rouge. Ni pembeni ya ule muto njo Ford alijenga kiwanda chake kikubwa sana, na wafanyakazi wake wanaujua muto ule kama sisi tunavyojua Lualaba. Ekipe ilichukua rangi yake na jina lake la kupendana pale. Kwa hiyo Le Rouge si jina la kujipamba. Ni jina la muto na la fasi ya kazi.

Toka ile siku tulianza kutafuta habari zake. Kadiri tulivyosoma, kucheka kuliisha.

Muji wenye ulianguka

Kila mutu mwenye alikaa katika kambi ya mugodi anaweza kuelewa Detroit bila kufika kule. Ni muji wenye uliishi kwa kazi moja. Sisi tulikuwa na shaba, wao walikuwa na magari. Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na wakaaji zaidi ya milioni 1.8. Viwanda vilipoanza kufunga ao kuhama, watu pia walihama. Walipohesabu watu mwaka 2020, walibakia karibu 640,000 tu. Mitaa mizima ilibakia na nyumba bila milango wala madirisha. Mwezi wa saba 2013, muji wenyewe ulienda mbele ya tribinali kusema hauwezi tena kulipa madeni yake. Hakuna muji mwengine wa Marekani wenye uliwahi kufilisika na deni kubwa kama lile. Wazee wenye walifanya kazi ya muji miaka 30 walianza kuogopa juu ya pansio yao. Hapa hatuhitaji kueleza sana. Wasomaji wetu wanajua namna gani mutu mwenye nywele nyeupe anasimama mbele ya biro, akiwa na karatasi zake katika sashe, akingojea kuambiwa "rudia mwezi kesho".

Stadi ya Le Rouge haiko ndani ya Detroit yenyewe. Iko Hamtramck, muji mudogo wenye Detroit imeuzunguka karibu pande zote. Hamtramck ilikuwa kijiji. Kiisha ndugu wawili wa jina la Dodge walijenga pale kiwanda cha magari, na watu wa Polonia walikuja kwa maelfu kutafuta kazi. Wakajenga makanisa yao, mabucheri yao, na nyumba zao za mbao zenye kubanana. Mwezi wa tatu 1937, wafanyakazi wa kile kiwanda waliketi ndani na kukatala kutoka mpaka sendika yao ikubaliwe. Ile njia ya kugoma, kukaa ndani karibu na mashine ili mukubwa asilete watu wengine kuchukua kazi yako, ilikuwa imewapa ushindi wenzao wa General Motors, kule Flint, wiki chache mbele. Sisi watu wa sendika tunapaswa kuijua ile historia sawa vile tunajua ya kwetu.

Kiwanda cha Dodge kilifunga mwaka 1980. Mwaka wenye ulifuata, serikali ya muji ilibomoa mutaa muzima, wenye uliitwa Poletown, ili General Motors ijenge kiwanda kipya fasi ile. Nyumba zaidi ya 1,000, maduka, na makanisa vyote vilianguka. Watu walienda tribinali, wakashindwa. Wenzetu wa Kolwezi wenye walipewa karatasi ya kuhama juu mugodi unafika mpaka chini ya vitanda vyao, someni ile habari mara mbili. Leo, katika kile kiwanda cha General Motors, wanatengeneza magari ya umeme. Betri za yale magari zinatumia kobalti, ile metali yenye sisi tunachimba. Hatusemi ni kobalti ya kwetu. Tunasema tu kama Hamtramck haiko mbali sana na sisi kama karta inavyoonyesha.

Wapolonia wengi walizeeka ao walihama, na watu wa Yemeni na Bangladeshi wakaja fasi yao. Leo, kwenye barabara moja, unasikia kengele ya kanisa na azana ya muskiti. Katikati ya zile nyumba njo kuko stadi ya Keyworth.

Marafiki watano

Mwaka 2010, mutu mumoja jina lake Sean Mann alianzisha shampiona ya mitaa ya Detroit. Haikukuwa kitu kikubwa: kila mutaa na ekipe yake, watu wa kazi mbalimbali, wanacheza kisha kazi ili wajuane. Tunajua mambo ile, hata sisi tulicheza mutaa juu ya mutaa, wenye walishindwa wanalipa Fanta. Kule, ile shampiona ya mitaa ilizaa wazo. Mann na wenzake wanne walikaa wakajiuliza: muji wa mamia elfu ya watu, namna gani hauna ekipe yake ya mupira wa miguu?

Mwaka 2012 Detroit City FC ilianza, mwaka mumoja mbele muji kufilisika. Ilianza chini kabisa, katika shampiona yenye wachezaji hawalipwi, wengi wao wanafunzi wa univerzite wenye wanacheza miezi ya joto tu. Walicheza kwenye kiwanja cha masomo ya sekondari ya Cass, katikati ya muji. Wale watano hawakukuwa matajiri wakubwa. Hakukuwa mukubwa wa kampuni mwenye kutia sinyatire kila mwezi.

Lakini watu walikuja. Wafuasi wenye wanajiita Northern Guard walileta ngoma, moshi, bendera zenye mifupa ya kichwa, na nyimbo zenye, tuseme ukweli, mama mwenye heshima hawezi kuziimba mbele ya watoto. Walitengeneza fujo ya furaha katika muji wenye watu walikuwa wamezoea kusikia habari za kufungwa tu. Kisha miaka mine, kiwanja cha masomo kilikuwa kidogo. Watu walifika kwenye mulango wakakosa fasi.

Dola 741,250

Hapa njo tunafika kwenye kiini cha habari yetu.

Keyworth ilijengwa wakati wa mateso makubwa ya miaka ya 1930, wakati Leta ya Marekani ilikuwa inawapa watu wasio na kazi kazi za kujenga barabara, masomo na stadi. Tarehe 15 mwezi wa kumi 1936, Prezidenti Franklin Roosevelt mwenyewe alifika pale. Kwa hiyo ni stadi yenye ilijengwa na mikono ya watu wenye walikuwa wamepoteza kazi. Ni mali ya masomo ya Leta ya Hamtramck, na mupaka leo watoto wa masomo wanacheza pale. Lakini kufika 2015 ilikuwa imezeeka. Beto ilikuwa inapasuka, tribini haikukuwa salama.

Klabu ilikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kungojea tajiri. Ya pili, kuomba banki. Ya tatu, kuuliza watu wenyewe. Walichukua ya tatu. Walifungua muchango mbele ya sheria, na jimbo la Michigan lilikuwa na sheria yenye kuruhusu mukaaji wa kawaida kuweka franga yake katika kazi ya fasi anapoishi. Watu 527 waliitika. Walipata dola 741,250.

Tufanye hesabu pamoja, sawa vile tunaifanya katika likelemba. Ukigawanya ile franga kwa watu 527, inatoka kama dola 1,400 kwa kila mutu. Bila shaka wengine waliweka mingi, wengine kidogo sana. Lakini muangalie jambo moja: ile haikukuwa sadaka. Ilikuwa deni. Klabu iliandika kama italipa wenye walitoa, kutoka kwa mapato yake. Mutu hakuambiwa "toa juu unapenda ekipe, kiisha nyamaza". Aliambiwa "tukopeshe, tutakulipa, na karatasi hii hapa".

Tarehe 20 mwezi wa tano 2016 Keyworth ilifunguliwa tena. Watu zaidi ya 7,000 waliingia kuangalia ekipe ya divizio ya ine, yenye wachezaji hawalipwi hata franga moja. Tuliposoma ile hesabu tulikaa kimya kidogo. Kuko ekipe ngapi za divizio ya kwanza, hapa na pengine, zenye zinacheza mbele ya viti vitupu?

Mulango wa dola milioni 150

Kuko kitu chenye musomaji wa Kongo anapaswa kujua, juu bila ile hataelewa mashaka ya Le Rouge. Kwetu, ukishinda shampiona ya chini, unapanda. Ukishindwa sana, unashuka. Kule Marekani haiko hivyo. Divizio ya kwanza, MLS, ni nyumba yenye mulango wake unafunguliwa kwa franga. Unaweza kushinda mechi zote za divizio ya pili miaka kumi, utabakia palepale. Mwenye anataka kuingia analipa. Mwisho wa 2016 bei ilikuwa dola milioni 150. Kiisha ilipanda: muji wa Charlotte ulilipa milioni 325 mwaka 2019, na San Diego milioni 500 mwaka 2023.

Katika mwezi wa ine 2016, wakati Keyworth ilikuwa inamaliziwa, matajiri wawili wa Detroit walisema kwa sauti kubwa kama wanataka kuleta ekipe ya MLS katika muji. Fikirini roho ya wale 527. Umetoka kukopesha klabu franga yako, na jirani tajiri anatangaza ekipe yake, bila kupita kwenye ngazi yenye wewe unapanda. Wafuasi wengi wa Le Rouge hawakutaka hata kusikia. Mwisho, MLS ilichagua miji mingine, na ule mupango ulikufa.

Detroit City iliendelea kwa miguu yake. Iliingia kati ya ekipe zenye kulipa wachezaji, ikaenda katika shampiona ndogo ya NISA, na ikaishinda. Kiisha, mwaka 2022, iliingia USL Championship, yenye iko divizio ya pili.

Mwaka ule ule kulipita jambo lenye watu wa Keyworth watawaeleza wajukuu. Kuko kombe moja lenye linachanganya ekipe za Marekani, kubwa na ndogo, linaitwa U.S. Open Cup. Tarehe 19 mwezi wa ine 2022, Columbus Crew ilikuja Hamtramck. Columbus ni ya MLS, na ilikuwa imekamata taji la inchi nzima mwaka 2020. Le Rouge ilishinda 2 kwa 1. Mulango wenye unafunguliwa kwa mamilioni, ule usiku ulifunguliwa kwa magoli mawili. Kesho yake ulifungwa tena, ndiyo. Lakini watu walikuwa wameona ndani.

Na tuseme haki: ile sheria ya mulango inaanza kutikisika. Mwezi wa tatu 2025, wenye vilabu vya USL walipiga kura ili ndani ya mashampiona yao kuwe kupanda na kushuka, sawa vile kwetu. Wanapanga ianze mwaka 2028. MLS haiko ndani.

Kumi kwa mia ni kiasi gani?

Mwaka 2020, wakati wa korona, stadi zote zilifungwa. Klabu yenye inaishi kwa tike za kila wiki, ukifunga mulango, inakufa. Detroit City ilirudia tena kwa watu wake, lakini sasa haikuomba deni. Iliuza sehemu ya klabu yenyewe: asilimia 10. Kila mutu aliweza kununua hisa na franga kidogo, na watu zaidi ya 2,000 walinunua. Mufuasi wa ngoma na moshi akawa mumoja wa wenye klabu.

Tulipoeleza ile katika mukutano wetu, wengi walipiga mikono. Lakini dada mumoja wa komite yetu, mwenye anashika kaye ya muchango, alisimama. Akasema: "Kumi kwa mia? Na ile tisini inabakia kwa nani?"

Ni ulizo la kweli, na sisi watu wa sendika hatuwezi kulikimbia. Ile tisini ilibakia kwa wenye walikuwa nayo. Mutu mwenye kumi kwa mia anaweza kusema, anaweza kusikilizwa, anaweza kuona hesabu. Hawezi kukataza. Sisi tunaijua ile hali vizuri. Katika migodi yetu, Leta ya Kongo inakuwa mara mingi na sehemu yake ndogo katika kampuni, na tunaona kila mwaka nani anakata maneno na nani anaambiwa kisha maneno kukatwa.

Hatusemi kama watu wa Detroit walidanganywa. Waliambiwa asilimia 10 na walipewa asilimia 10. Karibu vilabu vyote vya kule ni mali ya tajiri mumoja ao kikundi cha matajiri, na mufuasi hana hata moja kwa mia. Walipata kitu. Lakini kununua kipande cha nyumba si kushika funguo, na mutu anapaswa kuijua tofauti ile mbele ya kutoa franga.

Muchezaji pia ni mufanyakazi

Kuko watu wengine wenye tunasahau tukiimba: wale wenye wanakimbia. Muchezaji wa divizio ya pili ya Marekani hana maisha yenye tunaona kwenye televizio. Wengi wanapewa kontra ya musimu mumoja. Musimu ukiisha, wanafundisha watoto mupira ao wanatafuta kazi ingine mpaka ekipe iwaite tena. Akivunjika goti, anajiuliza nani atalipa docteur na kama mwaka kesho atakuwa na kazi. Yote ile inaitwa sous-traitance kwetu. Jina ni lingine, maumivu ni yale yale.

Kwa hiyo mwaka 2018 wachezaji wa USL walifanya kile chenye wazazi wa Hamtramck walifanya 1937: walitengeneza sendika yao, USL Players Association. Walikaa kwenye meza na wakubwa wa shampiona miaka karibu mitatu. Korona ilipita katikati. Mwaka 2021 walipata mapatano ya pamoja ya kwanza, ile tunaita konvansio kolektivi. Ndani yake mulikuwa mushahara wa chini, wenye klabu haiwezi kupita chini yake. Detroit City ilipoingia mwaka wenye ulifuata, ilikuta ile sheria iko tayari.

Miaka mitatu ya kukaa kwenye meza. Tunaisema juu ya vijana wetu wa mugodi wenye wanatuambia: "Ninyi wa sendika munachelewa sana." Ndiyo, tunachelewa. Hata wenye wanapiga magoli walichelewa.

Kuhama Keyworth

Sasa Le Rouge inajitayarisha kuhama. Klabu ilinunua fasi moja upande wa Corktown, ndani ya Detroit, fasi yenye kulikuwa hospitali ya zamani yenye iliachwa miaka mingi. Wanataka kujenga pale stadi ya watu karibu 15,000, na mupango ni kucheza ndani yake mwaka 2027.

Ni habari nzuri. Ekipe yenye ilianza bila kulipa wachezaji inajenga nyumba yake, tena fasi yenye kulikuwa magofu. Lakini sisi tunafikiri Hamtramck. Tunafikiri yule mama wa Yemeni ao wa Bangladeshi mwenye anauza chakula pembeni ya barabara siku ya mechi. Tunafikiri wale 527. Walitoa franga ili Keyworth isianguke, na sasa ekipe inaondoka Keyworth. Je, tike itabakia ya mufanyakazi? Stadi ya 15,000 inaomba mapato mingine, na mapato yanatoka mufukoni mwa mutu. Hakuna mwenye alifanya mabaya hapa. Ni shida ya kila kitu chenye kinakomaa: kinahama nyumba yenye kilizaliwa.

Na sisi?

Tuseme ya kwetu, kidogo. Ekipe ya kambi yetu ilikufa siku moja. Haikushushwa na ekipe ingine. Kampuni yenye ilikuwa inaishika ilisema hakuna tena franga ya mupira. Juma ile ile basi haikukuja, mayo zilirudishwa kwenye stoku, na vijana wetu walikaa kwenye lango na viatu mikononi wakingojea shofere mwenye hakufika. Hakuna mwenye alituuliza, juu ekipe haikukuwa ya kwetu. Tulikuwa tunaimba jina lake tu. Baba zetu walipata toka kampuni nyumba, posho, masomo, hospitali na mupira, vyote katika mukono mumoja. Mukono ule ulipofungwa, vyote viliondoka siku moja.

Njo maana habari ya Detroit ilitushika. Muji wao pia uliachwa na mukono wa kampuni. Hawakungojea urudi. Lakini hawakutoa franga ovyo pia. Walitoa na karatasi, na hesabu, na tarehe ya kulipwa.

Komite yetu inataka kutengeneza tena kiwanja cha kambi: kusawazisha udongo, kusimamisha magoli, kujenga ukuta mudogo ili mvua isibebe kila kitu. Kuko mutu mumoja wa biashara mwenye alisema atalipa yote, na ekipe itavaa jina lake. Wengine kati yetu wanataka kukubali leo leo. Tunawaelewa, vijana wanacheza kwenye mawe. Lakini mbele ya kujibu, tunaomba kila nyumba ijiulize maulizo matatu yenye tulichukua kutoka Detroit. Franga hii ni zawadi, ni deni, ao ni kununua? Nani atashika kaye, na nani ataisoma mbele ya watu wote kila mwezi? Na siku mwenye kutoa atachoka, kiwanja kitabakia cha nani?

Tukipata majibu, tunaweza hata kuchukua franga ya ule bwana, kwa masharti yenye tumeandika. Tukikosa majibu, heri tuanze na muchango wa kila nyumba, hata kama ukuta utangojea musimu mwengine wa mvua.

Mukutano ni siku ya Posho, saa tisa, chini ya muti wa maembe karibu na dispansere. Ba mama wakuje pia, na wale vijana wa telefone. Dada wa kaye atakuwa wa kwanza kusema.